Dada wa Malindi, si halua iliyompa mtoto kisukari

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Kijana wako wa miaka minne ametoka wodini juzi na kisukari aina ya kwanza, mama mkwe anasema ni wewe uliyemwendekeza kwa vitamu, na kuna mtu amekutumia habari za dawa ya Marekani "inayozuia" kisukari. Unauliza pia habari za joto na za madrasa. Wangu wa kike alikutwa nacho akiwa na miaka sita, hapa Lamu, mtaa wa Langoni. Sasa ana kumi na mitatu. Mimi si daktari, ni baba tu aliyechoma sindano nyingi.

Kwetu ilianza na sisimizi. Walijipanga mstari pale mtoto alipokojoa, tukacheka. Kisha akawa anaamka usiku kunywa maji ya mtungi, kikombe juu ya kikombe, na nguo za Idi zikampwaya kabla hazijafuliwa mara ya pili. Mamangu akasema, "Mwana huyu ametiwa mato," yaani jicho la husuda. Zahanati moja ya binafsi ilimpima malaria, haikuona kitu, na dawa za malaria ikatupa vile vile. Siku ya pili akawa anatapika, anahema kama aliyekimbia, na pumzi yake inanuka embe lililopitiliza kuiva. Hiyo harufu ni ketoni: insulini hakuna, sukari haiingii kwenye seli, mwili unachoma mafuta na damu inageuka asidi. Hali hiyo ndiyo inayoua watoto, nayo hugunduliwa kwa kutoboa kidole tu, jambo la sekunde chache. Bado nina hasira.

Sasa vitamu. Kisukari cha mwanao ni kinga ya mwili iliyogeuka. Askari waliowekwa kupigana na vijidudu wameshambulia zile seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Wanasayansi waliziona kingamwili za vita hivyo, yaani alama zake damuni, mwaka 1974. Kuna utafiti uitwao TEDDY uliofuata watoto zaidi ya 8,000 tangu uchanga, Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani. Wengi wa waliopata alama hizo damuni walizipata wangali wadogo sana, mtoto anacheza mzima kabisa. Urithi una mkono wake, na virusi fulani vya tumboni vinashukiwa. Mahamri hayamo. Na kwa kuwa kinga iliyokosea njia mara moja yaweza kukosea tena, mwombe daktari awe anapima tezi ya shingo kila baada ya muda, na ugonjwa wa siliaki, ule wa utumbo kukataa ngano. Ndugu hawa hupenda kufuatana.

Lakini usimeze kila kitu cha Ulaya kama kilivyo. Mwaka 2025 ulitoka utafiti wa vijana 894 wa Kameruni, Uganda na Afrika Kusini waliokuwa wamehesabiwa kuwa na aina ya kwanza: karibu 65 kwa mia hawakuwa na kingamwili zile za kawaida. Maana yake huenda kwetu kuna kisukari kingine kinachovaa kanzu ya hiki. Kwa hiyo uliza kama mwanao alipimwa kingamwili, na kama kongosho lake bado linatoa insulini. Wakati ukisubiri jibu, sindano isiachwe hata siku moja.

Ile dawa ni teplizumab. Ilipitishwa Marekani Novemba 2022, kwa wenye miaka 8 na zaidi ambao kingamwili zimeshaonekana ila ugonjwa haujajitokeza wazi. Hutiwa kwa dripu siku 14 mfululizo, na katika jaribio la watu 76 ilichelewesha ugonjwa kwa miaka kama miwili. Kuchelewesha, si kuponya. Mwanao ameshavuka mlango huo, basi asikuuzie mtu ndoto.

Na hapa nikuonye jambo ambalo mimi nusura linitie shimoni. Wiki chache baada ya kuanza sindano, seli zilizobaki hupata nafuu, dozi inashuka, sukari inatulia. Madaktari hukiita kipindi cha fungate. Kwetu fungate hiyo iliangukia wiki ile ile shangazi mmoja alipoleta mizizi ya kuchemsha, na nyumba nzima ikaamini mizizi imeponya. Nilipunguza sindano bila kumuuliza mtu. Siku nne, tukarudi wodini. Mizizi ile ilikuwepo kabla ya Januari 1922, alipodungwa insulini mgonjwa wa kwanza huko Toronto, kijana wa miaka 14, na kabla ya hapo watoto wa ugonjwa huu walikuwa wakifa tu.

Joto: chupa ambazo hazijafunguliwa ziweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, maana insulini iliyoganda imekufa. Ile unayotumia isikutie hofu umeme ukikatika. Watafiti walipima joto katika kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, wakaliigiza maabara huko Geneva, nyuzi 25 hadi 37 kwa wiki nne, na insulini ilibaki na nguvu sawa na ile ya friji. Mimi naiweka ndani ya chungu kidogo kilichozikwa kwenye mchanga wa maji ndani ya chungu kikubwa. Pwani hewa ina unyevu, hivyo hakipoi kama kingepoa Garissa, lakini huwa nyuzi 27 hivi wakati chumba kiko 33. Kwenye boti ya Mokowe haiachwi juu ya sitaha, inakaa kifuani mwangu.

Madrasa ataenda. Kaa na maalimu mapema, mweleze. Wangu siku moja sukari ilimshuka mno, akaanza kutetemeka na kutoka jasho katikati ya sura, wenzake wakakimbia wakidhani amepandwa na jini. Maalimu akampa nusu kikombe cha soda ya sukari, na baada ya robo saa akaendelea na aya ile ile aliyoiachia. Siku hizi soda na glukosi havikosi kabatini mwake. Mwanzo alitaka kuweka halua, nikamkatalia: ina samli, sukari yake huchelewa kufika.