Jikoni na Wasomaji: Matunda ya moto ya kikaangoni, nyumbani hata kambini

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari ya matunda yanayopikwa kwenye kikaango na siagi na sukari alafu yanafunikwa na unga wa keki juu, mnakula yakiwa ya moto moja kwa moja kutoka motoni. Sikutegemea maswali yatakuja mengi hivi! Nimechukua yale yanayogusa watu wengi, na lile la kwanza nimelijibu kwa urefu kwasababu karibu kila mtu amekwama palepale.

SWALI: Dada habari ya kazi. Mi niko Arua, sina oven, napikia sigiri. Nilikata nanasi nikaweka kwenye kikaango na siagi na sukari, nikamwaga unga juu nikafunika. Baada ya nusu saa chini kumeungua, juu unga bado mbichi na katikati maji maji kama mchuzi, watoto wamekula kwa adabu tu. Nimekosea wapi?
Mama wa watatu, Arua

JIBU: Mama wa watatu, pole na hongera kwa kuthubutu. Hapo kuna shida mbili tofauti tusizichanganye.

Ya kwanza ni maji. Nanasi sehemu kubwa yake ni maji, zaidi ya asilimia 80, na likikutana na moto pamoja na sukari hayo maji yanatoka. Sasa ukilifunika na unga kabla hayajaisha yatapita wapi? Yanabaki chini yanachemka, unga wa juu unapigwa na mvuke tu, hauivi ukakauka hata ukae saa nzima. Ndo maana nasema na nitazidi kusema, tunda lipikwe kwanza lenyewe, bila mfuniko, bila unga, mpaka maji yake yaishe. Hapa ndo kazi yote ilipo, ukiharakisha hapa hakuna kitu kitakachookoa huko mbele.

Fanya hivi. Menya nanasi moja la kiasi, toa ule moyo mgumu wa katikati, kata vipande vya ukubwa wa pingili ya kidole. Weka kikaango motoni kipate moto vizuri, tia samli vijiko 2 vikubwa. Siagi ni tamu sana ila kwenye mkaa huwezi kupunguza moto kama kwenye gesi, na ndani ya siagi kuna maziwa maziwa yanayoungua mapema, samli yenyewe yameshatolewa ndo maana inavumilia. Kama unataka ile harufu ya siagi iongeze mwishoni kijiko kimoja. Tandaza nanasi lisilaliane, alafu uliache, usilikoroge koroge, liache mpaka upande wa chini upate rangi ya kahawia ndo ugeuze. Sukari bado! Sukari ikiingia mapema inavuta maji yote nje kwa mara moja na nanasi linachemka badala ya kukaangika. Likishapata rangi pande mbili ndo uweke sukari, na mi napenda sukari guru iliyokwanguliwa, vijiko 3 vikubwa vinatosha kabisa, nanasi letu ni tamu lenyewe, hasa lile la Kayunga au Luweero, ukiweka kikombe kizima unaliua. Ongeza chumvi kidogo sana na tangawizi ukipenda. Sasa juisi itatoka na itaanza kuwa nzito, pitisha mwiko katikati, ukiona chini ya kikaango panabaki wazi kidogo kabla juisi haijarudi basi tayari. Kamulia ndimu nusu, epua.

Ya pili ni moto wako uko upande mmoja. Sigiri inatoa moto chini tu, na unga unahitaji moto wa juu. Wapishi wa pwani hili wanalijua kwenye wali, wanaita kupalia, yaani unaweka makaa juu ya mfuniko. Fanya hivyohivyo. Toa makaa mengi kwenye sigiri uyaweke juu ya mfuniko wa chuma au bati (sio wa kioo, na sio wenye kishikio cha plastiki), chini yabaki machache, kama theluthi moja hivi, na theluthi mbili ziende juu. Wengi wanafanya kinyume, wanaogopa juu wanajaza chini, na matokeo ndo hayo ya kwako.

Unga wenyewe ni unga wa ngano kikombe 1, beking pauda kijiko cha chai 1 na nusu, sukari vijiko 2 vikubwa, chumvi robo kijiko cha chai. Sugulia humo siagi ya baridi vijiko 3 vikubwa kwa ncha za vidole mpaka uwe kama chenga za mkate, tia maziwa nusu kikombe, koroga mara chache tu mpaka ushikane na uache, ukiukanda kama wa chapati unakuwa mgumu. Dondosha matonge kwa kijiko juu ya tunda, usizibe kote, acha nafasi nafasi mvuke upate pa kutokea. Funika, palia, ngoja dakika 20 hadi 25. Ukichungulia kila dakika mbili moto wa juu unapotea, kwa hiyo jizuie. Chomeka kijiti kwenye tonge la katikati, kikitoka kikavu basi ita watoto, ila wasubiri kidogo, sukari ya moto inaunguza mdomo kuliko chai.

SWALI: Habari dada, tuko vijana kama saba tunaenda kupiga kambi Ziwa Bunyonyi, kule Kabale, mwezi ujao, tunataka tupike kitu kitamu usiku. Tubebe nini? Tukiwa na baridi tunaweza kupikia ndani ya hema?
Kijana wa Ntinda, Kampala

JIBU: Mdogo wangu, naanza na la mwisho kwasababu hilo ni la roho za watu. Msipikie ndani ya hema, na msiingize sigiri ndani kuota moto, hata kama mkaa umebaki mwekundu tu hauna moshi, hata kama mlango wa hema mmeuacha wazi kidogo. Mkaa unatoa hewa ya sumu, kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, mtu anasikia kichwa kinauma, anasinzia, haamki. Moto ubaki nje mbali na hema, mkimaliza mmwagie maji mpaka majivu yapoe ukiyagusa. Baridi ya Bunyonyi ni ya kweli, bebeni mablanketi.

Sasa utamu. Kazi ya unga imalizieni nyumbani. Changanya unga, beking pauda, sukari, chumvi na maziwa ya unga vijiko 3 vikubwa, tia kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza, mkifika kule mnaongeza samli kidogo na maji nusu kikombe, basi. Samli haihitaji friji kwa hizo siku zenu chache. Kwa watu saba zidisha vipimo mara mbili na mtumie kikaango kikubwa chenye kina, au mpike mara mbili.

Matunda msibebe yaliyoiva sana, safari ya Kampala mpaka Kabale ni ndefu, ndizi zitafika uji. Beba nanasi zima na ganda lake, halina shida na kugongwa gongwa. Na mkifika Kabale ulizieni tufaha sokoni, vilima vya kule wanalima tufaha, na tufaha kwa mapishi haya ndo lenyewe kabisa, linashika umbo, mdalasini kidogo tu unatosha.

Kuna kitu kingine watu wa Kampala hawakitegemei. Ziwa Bunyonyi liko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Kampala iko kwenye 1,200 hivi. Kadiri mnavyopanda maji yanachemka kwenye joto dogo zaidi, kule ni kama nyuzi 94 badala ya 100 za pwani, kwa hiyo tunda litachelewa kulainika, msidhani mkaa wenu ni mbaya, ongezeni dakika tano au zaidi. Na beking pauda inaumua haraka zaidi huko juu, keki inapanda alafu inabonyea, kwa hiyo punguzeni kidogo, kijiko cha chai kimoja na robo kwa kila kikombe cha unga panatosha.

Kama ni kuni, msiweke kikaango kwenye ndimi za moto. Washeni mapema, muache kuni ziungue mpaka zibaki makaa, vuteni makaa pembeni, kikaango kikae kwenye mawe matatu. Na siku mkienda mbuga kama Lake Mburo, msiokote kuni bila kuuliza askari wa mbuga, na chakula kisilale hemani. Nyani na ngedere wa kule wanaijua mifuko kuliko mnavyodhani, usiku nako viboko wanatoka ziwani kula majani.

SWALI: Nilichanganya nanasi na maziwa ili nipate kama krimu ya kumwagia juu, ikawa chungu na imekatika vipande vipande. Maziwa yalikuwa mabovu?
Msomaji, Jinja

JIBU: Maziwa yako yalikuwa mazima. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinaitwa bromelaini, kinavunja protini za maziwa na ndo uchungu unatokea hapo, na asidi yake nayo inakata maziwa. Moto unakiua hicho kimeng'enya. Kwahiyo nanasi lipikwe kwanza lichemke kabisa, lipoe kidogo, alafu ndo umwagie krimu au mtindi wakati wa kula, sio mapema.

SWALI: Ndizi gani ni nzuri kwa kikaango? Nilitumia bogoya, ile ndizi kubwa ya kula mbichi, ikayeyuka yote.
Baba Mbale

JIBU: Gonja, baba, yaani ile ndizi ndefu ya kupika, tena ile ambayo ganda limeshaanza kuwa jeusi. Wauza duka wengine wanaona imeharibika wanapunguza bei, we chukua, wanga wake umeshageuka sukari na bado nyama yake ni ngumu, inakaangika bila kuvunjika. Ndizi ndogo zile za sukari nazo zinafaa kwa harufu yake ila ziingie mwishoni kabisa, dakika mbili au tatu, zikatwe katikati kwa urefu zisikatwe vipande. Bogoya iachie kula mbichi.

Na ukishapata gonja yako jaribu kumwagia pasheni mbili juu ukishaepua, na mbegu zake, ule ukali unakata utamu vizuri sana. Wenzetu wa kaskazini wana simsim (ufuta), ukikaanga kavu ukanyunyizia juu ya gonja ya moto utanikumbuka. Vanila je? Tunailima wenyewe, Mukono, Bundibugyo, Kasese, tunapeleka nje kisha jikoni kwetu tunatumia chupa ya maji ya harufu, hii inaniuma kweli. Kipande kimoja cha vanila pasua, kwangua mbegu zitie kwenye samli ya moto, ganda lililobaki lizike kwenye kopo la sukari, litaendelea kunukisha hiyo sukari miezi.

SWALI: Mama yangu ana kisukari na anapenda sana vitu hivi. Nikiweka asali badala ya sukari anaweza kula?
Binti wa Bombo

JIBU: Mwanangu, asali nayo ni sukari, mwili wa mama hauioni tofauti kubwa. Na ujue pia kwamba ukipunguza maji ya tunda sukari yake yenyewe inabaki imejikusanya kwenye kijiko kidogo. Mpikie tunda lisilo tamu sana, mapera yenye ukali au tufaha, bila sukari ya kuongeza, mdalasini na ndimu vinatosha kutoa ladha, juu usiweke unga, weka karanga za kukaanga zilizosagwa kidogo. Mpimie kidogo, na mfano wa sahani hiyo muonyeshe daktari au nesi wake siku ya kliniki, wao ndo wanajua vipimo vyake.

SWALI: Nina kikaango kizito cha chuma cha marehemu bibi. Nikipika matunda yanakuwa na ladha ya chuma na kikaango kinakwaruza. Nikitupe ninunue cha kisasa?
Msomaji, Tororo

JIBU: Usikitupe! Chuma kizito kama hicho kikishapata moto kinashika joto muda mrefu, ndo kinachotakiwa hasa. Ladha hiyo ni asidi ya matunda inakula ule weusi wa mafuta uliogandia juu ya chuma, kikibaki wazi kinatoa ladha. Kioshe, kikaushe motoni mpaka tone lote la maji liishe, pakaza mafuta ya kupikia membamba sana ndani na nje, futa kama vile hutaki yabaki, alafu kirudishe juu ya makaa makali mpaka moshi uishe. Rudia mara tatu au nne. Fanya nje, moshi ni mwingi. Mwezi wa kwanza kaangia vitu vya mafuta tu, mayai, chapati, gonja, nanasi na pasheni baadaye. Na tunda likishaiva litoe humo, lisilale kikaangoni mpaka asubuhi.

Wasio na chuma hicho, sufuria nzito ya aluminiamu inafaa. Tawa ya chapati haifai, haina kingo, juisi yote itakimbilia kwenye sigiri.