Wikiendi ya mafunzo ya kulenga mbali kwa bunduki: mnaokwenda mara ya kwanza, someni hii kabla hamjafunga begi

Nianze na kovu. Nina kakovu juu ya nyusi ya kulia, kamepinda kama mwezi mchanga, na kila mtu huwa anauliza nani kanipiga. Nimepigwa na skopu yangu mwenyewe, ile darubini ya kulengea inayofungwa juu ya bunduki. Ilikuwa Ijumaa jioni, risasi ya pili tu, mafunzo yenyewe hata hayajachanganya, nikasogeza jicho kwenye kioo kama mtu anayechungulia tundu la kitasa, bunduki ikarudi nyuma ikanilipa. Damu mpaka kwenye kola. Yule mzee anayefundisha, mwanajeshi mstaafu ambaye wote tulikuwa tunamwita Afande, akaniangalia, akanipa pamba, akasema "karibu sana kijana", akaendelea na watu wengine. Kwa hiyo la kwanza hilo: skopu nyingi zinataka jicho likae nyuma sentimita 8 mpaka 10, na ukiona unatafuta picha kwa kusogeza shingo ujue skopu imefungwa vibaya, irudishe au isogeze, usisogeze uso.

Mi nafanya kazi kwenye kampuni ya uwindaji wa kitalii upande wa Ruaha, miaka kadhaa nimekuwa nabeba bunduki za watu na kufuata nyayo, sasa bosi akaona nianze kujiandaa kuwa mwindaji bingwa akanilipia hii wikiendi. Ijumaa jioni mpaka Jumapili mchana, mwisho wa mwezi wa tano, kwenye shamba la mtu binafsi kati ya Mafinga na Makambako, bonde refu lina kilima kizima nyuma yake cha kupokea risasi. Tulikuwa tisa. Kwa nini huko? Aliyewahi kushuka stendi ya Makambako akakimbiza kofia yake anajua kwa nini. Huko upepo ndio mwalimu, Afande ni msaidizi tu.

Kabla ya yote, karatasi. Leseni ya silaha ni ya mtu, sio ya ukoo. Kuna jamaa mmoja alikuja na bunduki ya shemeji yake eti "si ya nyumbani tu", aisee, Afande alimuuliza maswali mawili akaifungia kwenye kabati la chuma, akampigia huyo shemeji aje aichukue mwenyewe na kitabu chake, na jamaa siku mbili zote akawa mbandika shabaha na mchota maji. Na alikuwa na bahati, angekutana na askari wakali njiani ingekuwa hadithi nyingine, sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Kama huna ya kwako waulize waandaaji mapema kama wanayo ya kufundishia. Kama unayo, safiri nayo ndani ya begi lake, bolti (kile chuma unachovuta kuingiza risasi) umetoa, risasi ziko sehemu yake, vitabu viko mfukoni juu juu, na ukisimamishwa barabarani sema mwenyewe kabla hujaulizwa.

Usalama siurudii wote maana utaimbishwa mpaka uote usiku. Mtutu unaangalia shabaha au ardhi, kidole nje ya triga mpaka umeamua, na mtu akienda mbele kubandika karatasi bolti zote ziko wazi na hakuna anayegusa chochote hata kuifuta vumbi. Mtu yeyote, hata mpishi, akisema "sitisha" mnasimama. Ila plagi za masikio nunua za kwako. Usitegemee pamba, pamba haizuii kitu, na masikio yakishaharibika hayarudi.

Sasa tuje kwenye aibu yangu nyingine. Mimi nimepita JKT, nikafika pale najiona mwenyeji. Kule tulipiga SMG risasi chache, karibu, amri kwa sauti, umemaliza umeondoka, na mtu unabaki unajua umeshalenga shabaha maisha yako yote. Tuliokuja na huo ujuaji ndio tulikuwa wazito kufundishika. Aliyetushinda wote alikuwa dada mmoja askari wa wanyamapori, mpole, haongei, kila anachoambiwa anaandika kwenye daftari dogo la shule lile la kurasa 40. Jumamosi mchana nilimcheka kimoyomoyo. Jumapili nilikuwa namwomba kalamu.

Jumamosi kuanzia saa moja mpaka karibu saa nne hatukupiga risasi hata moja. Tunapiga kavu. Unalala, bunduki tupu imekaguliwa na mtu mwingine, unalenga, mwenzako anaweka sarafu ya mia mbili juu ya mtutu, unavuta triga mpaka ilie tik na sarafu isianguke. Baridi ya Mufindi asubuhi hiyo vidole vimekufa ganzi na wewe unalea sarafu. Nikadhani wanatupotezea muda wakati tumelipia risasi. Halafu saa nne likaja zoezi lenyewe: mwenzako ndiye anayekuwekea risasi, wewe hutazami, mara anaweka nzima mara anaweka ya bandia, hujui ipi. Nikalenga vizuri, nikavuta, bunduki ikasema tik, na mi nikaruka kama nimemwagiwa chai ya moto. Mtutu ulishuka kabisa watu wote wanaona. Yaani miaka yote hiyo nilikuwa naisukuma bunduki chini kabla haijalia, na mshindo ulikuwa unanifichia siri. Hilo zoezi fanya mapema na fanya mara nyingi, halina gharama, na usimcheke mwenzako maana zamu yako inakuja.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyewahi kuniambia: mwili ndio unalenga, mikono inashikilia tu. Ukishalala na kulenga, funga macho, pumua mara mbili, fumbua. Kama alama imehamia pembeni ya shabaha usiirudishe kwa mkono, sogeza kiuno au miguu mpaka ukifumbua macho ikutane pale pale. Ukiivuta kwa misuli, ukishavuta triga misuli inalegea na risasi inaenda kule mwili ulikokuwa unataka kwenda. Na pumzi usiibane kama unazama mtoni, toa hewa kawaida, pale mwisho kabla hujavuta nyingine kuna kautulivu ka sekunde kadhaa, hapo ndipo unapigia. Ukikapita, pumua tena uanze upya, hakuna anayekukimbiza.

Kuseti ziro, yaani kurekebisha skopu mpaka risasi itue pale unapolenga kwa umbali fulani, watu wengi wanaharibu kwa haraka. Unapiga moja, inaenda kulia, unazungusha kitufe cha skopu kliki kadhaa, unapiga nyingine inaenda kushoto, unazungusha tena, hiyo tunaita kufukuza risasi na utamaliza boksi zima. Piga tano bila kugusa kitu, nenda kaangalie kundi limekaa wapi, halafu ndio urekebishe kutoka katikati ya kundi. Na ujue skopu yako inahesabu kwa nini. Kuna za mil na za MOA, vipimo viwili tofauti vya pembe. Za mil, nyingi kliki moja inasogeza sentimita 1 kwenye mita 100, za MOA nyingi ni robo ya MOA, kama milimita 7. Jirani yangu aliniambia "weka kumi" nikaweka kumi, kumbe yake ni MOA na yangu ni mil, nikawa napiga kilima. Na kabla ya hayo yote kaza skrubu. Za kwangu mbili zilikuwa zinacheza. Nilikuwa namlaumu mtengenezaji wa risasi, kumbe ni bisibisi.

Halafu kuna hili la mwinuko ambalo sisi wa huku linatuhusu sana. Mafinga na Makambako ni mita zaidi ya 1,600 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, risasi haikwami sana kwa hiyo inaanguka kidogo kuliko Dar. Mwenzetu aliyetoka Dar alikuja na jedwali lake zuri la kushuka kwa risasi limeprintiwa, lilipigiwa hesabu ya pwani, kwenye mita 500 risasi zake zote zinaenda juu kama kiganja cha mkono na yeye analaumu kitako cha bunduki. Kwangu mimi ni kinyume: nikishuka na ziro ya Mufindi mpaka bondeni Pawaga kwenye hewa nzito, naanza kuangukia chini. Ziro iangalie tena kule unakokwenda kufanya kazi. Kwa bunduki ya risasi za saizi ya .308 iliyosetiwa mita 100, kwenye mita 300 risasi imeshuka kama sentimita 40, ukifika 500 ni zaidi ya mita moja na nusu. Lakini kushuka kunahesabika, dunia inavuta vile vile leo na kesho. Kinachoua ni upepo.

Upepo sasa. Upepo wa kadiri tu, ule unaotikisa majani na matawi madogo bila kuchoka, mita 4 au 5 kwa sekunde kutoka ubavuni, kwenye mita 300 unakuhamisha kama sentimita 20. Kwenye 500 haiishii chini ya mara mbili kama unavyodhani, unakaribia nusu mita au zaidi, kwa sababu risasi inazidi kupungua mwendo na muda wa kusukumwa unaongezeka. Mnyama umemlenga begani unampiga tumboni, halafu sisi tunaobeba bunduki za watu ndio tunaoingia kichakani kumfuata jioni. Hiyo ndio sababu mimi nilisikiliza hapo kuliko sehemu zote.

Shida ya lile bonde ni kwamba upepo una tabia tatu kwa wakati mmoja. Hapa ulipolala nyasi zinainama kulia. Katikati kwenye korongo hamna kitu, kimya. Kule mbele kwenye mipaini vilele vinaenda kushoto. Utasoma upi? Afande alituambia tusome wote ila tuusikilize zaidi wa karibu na mtutu, maana risasi ikishasukumwa mwanzoni inaendelea kwenda pembeni safari nzima, halafu tuangalie katikati, mipaini ya mbele inadanganya kwa sababu vilele viko juu ya njia ya risasi. Vumbi, moshi wa jikoni, nyuzi za buibui kwenye nyasi, vyote vinasema. Jua likipanda kuna ile hali unaona kwenye lami mchana kama maji yanachemka, kwenye skopu inaonekana vizuri sana, ikipanda wima upepo umekufa au unakujia usoni au mgongoni, ikilala upande upepo unapita. Mi ilinichukua mpaka Jumapili kuiona, Jumamosi nilikuwa naitikia tu.

Jumamosi usiku motoni, mzee mmoja wa Kihehe akaleta habari za vita vya Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Zelewski kamanda wa Wajerumani na bunduki zake na mizinga yake na msafara mrefu, watu wa Mkwawa wamelala kimya vichakani mpaka Wajerumani wamefika karibu kabisa. Ikawa kelele, kila mtu na babu yake. Afande akasikiliza weee halafu akasema kesho hakuna atakayepiga kabla hajalala na darubini dakika 10 anaangalia tu bonde. Tukaguna. Ila ndio zilikuwa dakika zangu bora za wikiendi nzima.

Hapo hapo niseme, ulanzi uache. Ulikuwepo wa mwisho mwisho wa msimu, kijiji cha jirani, wawili walitoroka kwenda "kusalimia". Asubuhi Afande aliwanusa, akawanyima risasi, wakakaa kwenye benchi na miwani ya jua. Pesa yao imekwenda hivyo. Chai ya rangi nyingi asubuhi nayo inatikisa mkono, nusu kikombe inatosha.

Vya kubeba: koti zito, kitu cha kulalia maana umande wa huko unalowesha mpaka mbavu, kofia, daftari, kalamu mbili, na soksi ndefu ya kujaza maharage ya kuweka chini ya kitako. Unaibinya bunduki inapanda, unalegeza inashuka. Braza mmoja wa Mbeya alijaza mchele wa Kyela, Afande akaunusa kwanza, akasema huu dhambi, Jumapili mchana tukaupika.

Kwenye daftari andika hasa risasi ya kwanza ya siku, ile mtutu ukiwa wa baridi. Mara nyingi inaenda peke yake mbali na kundi, na porini ndio hiyo hiyo unayoipata, hakuna mnyama atakayekusubiri upashe mtutu. Halafu kabla hujaangalia ilipotua, andika unadhani imekwenda wapi. Mwanzoni nilikuwa nadanganya daftari langu mwenyewe, fikiria.

Jumapili saa tano mtihani. Risasi moja kila mtu, bati la ukubwa wa sahani ya ugali, mita 420, dakika tano, mwili na daftari lako. Dada akapiga, bati likalia, akafungua bolti akaondoka kama ametoka dukani. Wengine wanne wakapiga, mmoja akapata. Mimi nikalala, nikaangalia, nyasi za karibu zinabadilika kila nikihesabu mpaka saba, korongoni vumbi linaenda upande wake. Dakika zikaisha. Nikatoa risasi, nikafungua bolti.

Afande akaomba daftari. Nilikuwa nimeandika: upepo kushoto, 3 mpaka 6, unageuka, sijui, sipigi. Akausoma ule ukurasa muda mrefu kuliko maneno yaliyokuwepo, akachukua kalamu akaniwekea vema, akaniuliza kama mchele umeiva.