Jibu: Kwa nini Dolphins wa 1972 na si Patriots wa 2007?

Salaam mkuu. Umeuliza kwa nini Miami Dolphins wa 1972, timu ya futiboli ya Marekani iliyoshinda mechi zote 14 za ligi, wanasifiwa kuliko wenzao New England Patriots wa 2007 walioshinda zote 16. Angalia kwanza mtoano. Hata mimi nilikwama hapo kwa kutazama msimamo wa ligi tu. Patriots walifungwa fainali na Giants, 17-14. Dolphins walimaliza na ushindi 17 bila kufungwa hata mechi moja, mtoano ukiwemo. Tena Bob Griese, mrushaji wao mkuu wa mpira, aliumia mguu mechi ya tano, akaingia Earl Morrall, mtu wa miaka 38, na ushindi ukaendelea! Fainali dhidi ya Washington, Dolphins wakiongoza 14-0, mkwaju wa mpigaji wao Garo Yepremian ulizuiwa. Akauokota mpira, akajaribu kuurusha, ukamponyoka. Mike Bass wa Washington akaudaka akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja, akafunga. Ikaisha 14-7.