Nani kautunga? Maswali yenu kuhusu nyimbo za Seiko Matsuda

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Seiko Matsuda, mwimbaji wa Kijapani aliyeanza kurekodi mwaka 1980 na kufika mahali single zake 24 mfululizo zikashika nafasi ya kwanza kwao. Nimefurahi kuona mnauliza habari za watunzi pia.

Kundini kwetu tumebishana. Mmoja anasema "Akai Sweet Pea" ni wa Yumi Matsutoya, mwingine anasema ni wa Kureta Karuho. Nani mkweli? (Tanga)

Wote wawili, maana huyo ni mtu mmoja. Matsutoya alikwishajulikana kama mwimbaji anayejitungia, na alipomtungia Seiko akatumia jina la kubuni. Na jina lenyewe limefichwa kwa ufundi! Andika Greta Garbo, yule mwigizaji wa filamu wa Uswidi, kwa herufi za Kijapani, kisha futa alama ndogo zinazogeuza "k" kuwa "g" na "h" kuwa "b". Kinachobaki ni Kureta Karuho.

Lakini yeye alitunga muziki tu. Maneno ni ya Takashi Matsumoto, na aliyepanga ala ni Masataka Matsutoya, mumewe Yumi. Wimbo ulitoka Januari 21, 1982. Mkiusambaza, andikeni majina yote matatu. Kumtaja mmoja ni kuwadhulumu wawili.

Nitajuaje kwenye jalada nani kafanya nini? Sisomi Kijapani. (Dodoma)

Zoea alama tatu tu: 作詞 ni maneno, 作曲 ni muziki, 編曲 ni upangaji wa ala. Jina linalofuata ndilo la mhusika. Tena usome kila wimbo peke yake. Kwenye single ya 1983, "Glass no Ringo", muziki ni wa Haruomi Hosono, ila "Sweet Memories" ya upande wa pili ni ya Masaaki Ohmura. Hiyo ya upande wa pili ilipigwa kwenye tangazo la bia lenye pengwini wa katuni, ikapendwa mno, na mpaka leo siichoki.

Kama nyimbo aliandikiwa, kwa nini tumwite msanii mkubwa? (Mombasa)

Ndugu yangu, wewe unatoka mji wa taarabu. Kwetu mshairi ana heshima yake, mtia muziki ana yake, na mwimbaji ana yake. Hakuna anayemdharau mwimbaji kwa kuimba shairi la mwenzake. Sikiliza "Kaze Tachinu" ya 1981. Muziki ni wa Eiichi Ohtaki na maneno ni ya Matsumoto. Hao wawili, pamoja na Hosono, walikuwa bendi moja ya roki, Happy End, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Seiko alikuwa na miaka 19, na mafundi wa namna hiyo walimkabidhi kazi zao kwa sababu ya sauti ile. Baadaye alijiandikia pia: maneno ya "Anata ni Aitakute" ya 1996 ni yake, na single hiyo iliuza nakala zaidi ya milioni.

Wimbo ukitangazwa kutoka Jumatano Japani, huku tunaupata lini? (Nairobi)

Japani wametutangulia saa sita. Ukifunguliwa mtandaoni saa sita usiku ya Tokyo kuamkia Jumatano, kwetu ni Jumanne saa kumi na mbili jioni.

Nimeletewa jina la mtunzi wa wimbo mpya bila ushahidi. Nilisambaze? (Bujumbura)

Ngoja kwanza. JASRAC, chama cha haki za watunzi cha Japani kilichoanzishwa 1939, kina hifadhi ya nyimbo mtandaoni ambayo yeyote anaweza kuipekua bure. Nakili jina la wimbo kwa herufi za Kijapani, litafute humo, na ukikuta mtunzi ameandikwa, tuma. Wimbo mpya sana huenda haujaingizwa bado. Hapo tuma habari ya wimbo wenyewe, na jina la mtunzi lisubiri jalada.