Kabla hujatoa kopi za dodoso: ushauri kwa anayefanya utafiti wa saikolojia Kigoma

Ukifika msimu wa wanafunzi wa mwaka wa mwisho kwenda uwandani, simu yangu haipumziki. Karibu wote huanza vilevile: "Shikamoo dada, dodoso langu liko tayari, naomba ulipitishie macho." Swali la utafiti bado linayumba na msimamizi hajaridhia hata kichwa cha habari, lakini dodoso la kurasa nane limeshatolewa kopi steshenari na hela imekwisha.

Nimewakusanyia watu data kwa miaka mingi, Ujiji, Mwandiga na vijiji vya Kasulu, kisha nikaanza kusimamia timu za wadodosaji. Nilichojifunza huko ni kwamba unapomchunguza mtu, naye anakuchunguza. Anatazama viatu vyako, kitambulisho ulichoning'iniza shingoni na aliyekuleta pale, kisha anaamua akwambie nini. Kwa hiyo ukija kwangu na njia yoyote ya utafiti, swali langu la kwanza ni hili: kwa sababu wewe upo pale, mtu huyu atabadilisha nini? Ukilijibu vizuri, nusu ya sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti, umeshaiandika.

Tuanze na dodoso, maana ndilo mnalolipenda. Lina nguvu zake. Kwa wiki moja unafikia watu wengi, unapata namba, unalinganisha wanawake na wanaume, mjini na kijijini, na mwenzako akitaka kurudia utafiti wako Tabora anachukua maswali yaleyale. Hakuna njia nyingine inayokupa hayo kwa bei hiyo. Ila dodoso ndiyo njia inayodanganya kwa adabu kuliko zote. Nenda nyumba kwa nyumba uulize, "Je, huwa unampiga mtoto anapokosea?" Utaambiwa hapana, hapana, hapana, na fimbo unaiona imechomekwa kwenye paa la jiko. Mama yule si mwongo. Umekuja na karatasi, umetambulishwa na mtendaji wa kijiji, na redioni amesikia kwamba kupiga watoto ni vibaya. Anakupa jibu linalomfaa mgeni wa namna yako.

Hapo badilisha swali. Usiulize mazoea, uliza tukio: "Mara ya mwisho mtoto alipokosea, ilikuwa lini? Alifanya nini? Nini kikafuata?" Watu husimulia jambo lililotokea kwa ukweli zaidi kuliko wanavyojipima tabia. Hata hivyo usiliamini simulizi lote, kwa sababu kumbukumbu nayo huchezewa na muulizaji. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani filamu za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani. Walioulizwa kwa kitenzi kikali, magari "yalipopondana", walikadiria wastani wa maili 40.5 kwa saa. Walioulizwa kwa kitenzi laini, "yalipogusana", wakasema 31.8. Filamu zilikuwa zilezile. Sasa fikiria wadodosaji wako, kila mmoja anatafsiri swali papo hapo kwa Kiha chake mwenyewe mbele ya bibi asiyejua Kiswahili vizuri. Tafsiri ya maandishi iwepo kabla hamjaondoka mjini, na wote waisome hivyohivyo ilivyo.

Kuhusu ile mizani ya ngazi tano, kutoka nakubali sana mpaka sikubali kabisa, naomba mniamini: mzee wa kijijini anaiona ni mchezo. Atakujibu "ndiyo mwanangu" kwa maswali yote ishirini, hata yale yanayopingana. Mimi huigawa mara mbili. Kwanza, unakubali au hukubali? Akijibu, ndipo nauliza: sana au kidogo? Kwa jambo la kukadiria kiasi, punje kumi za maharage kwenye kisahani hufanya kazi kuliko maneno yote. Na weka maswali mawili matatu yaliyogeuzwa, ili anayeitikia kila kitu aonekane.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya mbinu hulipitia haraka, na kwetu ndilo linaloharibu kazi nyingi: nani umemkuta. Ukishuka Katonga saa nne asubuhi na dodoso la msongo wa mawazo kwa wavuvi, utawakuta wanawake wanaanika dagaa na vijana wachache wanashona nyavu. Wavuvi wenyewe wamelala, maana dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wasiolala asubuhi hiyo ni wale wasioenda ziwani, na huenda sababu iliyowazuia kwenda ndiyo hiyohiyo unayotaka kuipima. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazivuti samaki vizuri, watu wengi hubaki nyumbani. Basi panga safari kwa kalenda ya mwezi, si kwa ratiba ya chuo. Wanafunzi wengi hunicheka nikisema hivi, mpaka wanapojumlisha na kukuta sampuli ya "wavuvi" yenye wavuvi wachache kuliko wauza chai.

Sasa njia ya kutazama. Hapa watu wa Kigoma tuna bahati ya kuwa na mfano mlangoni. Panda boti Kibirizi, elekea kaskazini, utafika Gombe, kwenye hifadhi ya sokwe. Mtafiti Mwingereza Jane Goodall alifika pale Julai 1960, akiwa na miaka 26 na hana shahada. Kwa miezi sokwe walikuwa wakimkimbia. Novemba mwaka huohuo alimwona mmoja aliyempa jina la David Greybeard akichomeka majani kwenye kichuguu na kuvuta mchwa. Hadi hapo wataalamu wengi walikuwa wakishikilia kwamba kutengeneza zana ni jambo la binadamu peke yake. Hakuna dodoso wala maabara ambayo ingelipata hilo, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna la kuuliza. Hiyo ndiyo nguvu ya kutazama: inakuletea usichokitarajia.

Lakini soma na upande wa pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 hiyohiyo walianza kuwapa sokwe ndizi ili wasogee karibu. Sokwe wakasogea kweli, tena kwa wingi, wakaanza kugombana na kuvizia kambi. Ulishaji ulipunguzwa baadaye. Kisha kati ya 1974 na 1978 madume wa kundi la Kasakela waliwaua mmoja mmoja madume wa kundi lililojitenga la Kahama. Baadhi ya wataalamu wakahoji: je, hii ni tabia ya sokwe au ni matokeo ya ndizi? Kwa data za Gombe peke yake swali hilo lingekuwa gumu kulimaliza. Majibu yalikuja kutoka kwingine. Mwaka 2014 watafiti walikusanya kumbukumbu za jamii 18 za sokwe barani Afrika, waliowahi kulishwa na wasiowahi, wakaona kwamba mauaji hayaelezwi na kuingiliwa na binadamu. Udhaifu wa eneo moja ulizibwa na maeneo mengine, haukuzibwa na takwimu ngumu zaidi za eneo lilelile.

Nawaambia wanafunzi wanaokwenda kutazama madarasa: ndizi zenu ni biskuti. Ukigawa pipi siku ya kwanza ili watoto wakuzoee, siku zote zitakazofuata utakuwa unaandika tabia za watoto wanaosubiri pipi. Mwalimu naye siku ya kwanza atafundisha kama mbele ya mthibiti ubora, na zana zilizofungiwa kabatini zitatolewa zote. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kaa mpaka wakuchoke, kaa mpaka mwalimu akutume chaki. Yaliyoandikwa kabla ya hapo yahifadhi, lakini usiyahesabu. Na muwe wawili, kila mtu aandike peke yake bila kuchungulia daftari la mwenzake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana kila mahali, tatizo liko kwenye fasili yenu ya "uchokozi" au "umakini", si kwa watoto.

Jaribio ndilo lenye heshima kubwa, na kwa haki, kwa kuwa ndiyo njia pekee inayokuruhusu kusema hiki kimesababisha kile. Unawagawa watu kwa bahati nasibu, kundi moja linapata kitu, lingine halipati, tofauti inayobaki unaielekeza kwenye kitu hicho. Bei yake ni mazingira ya kutengeneza. Katika jaribio maarufu la Stanley Milgram wa Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1963, wanaume 26 kati ya 40 waliendelea kubonyeza swichi walizoamini zinampiga mtu mwingine umeme, mpaka volti 450, kwa sababu mtafiti aliwaambia waendelee. Umeme haukuwepo, ila jasho na kutetemeka kwao kulikuwa kwa kweli, na leo jaribio hilo kama lilivyofanywa lisingepita kwenye kamati ya maadili. Lile la gereza la Stanford, la Philip Zimbardo mwaka 1971, ambamo vijana waliigiza wafungwa na walinzi, ningeshauri lisitumike kabisa kama mfano wa jaribio. Lilipangwa wiki mbili, likasimamishwa baada ya siku sita, halikuwa na kundi linganishi, na walinzi walipewa maelekezo ya jinsi ya kuwa wakali. Ni tukio la kusikitisha zaidi kuliko ushahidi.

Halafu kuna suala la kurudia. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilirudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida yenye jina. Matokeo ya asili yalikuwa karibu yote na umuhimu wa kitakwimu, yaani si rahisi kusema yametokea kwa bahati tu. Katika marudio yalibaki kama 36 kwa mia. Kwa hiyo usione aibu mwenzako akisema utafiti wako ni wa kurudia wa mtu mwingine. Tunauhitaji kuliko kichwa cha habari kipya.

Uhusiano wa takwimu sitaukalia sana. Kama wanaoshika simu usiku wana alama ndogo darasani, hujui bado kama simu ndiyo inayoshusha alama, au aliyekata tamaa na masomo ndiye anayekimbilia simu, au nyumbani kuna ugomvi unaoleta vyote viwili. Andika "vinaambatana" na uishie hapo.

Jambo linaloniuma zaidi ni vipimo vya kuazima. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake walionyesha jinsi saikolojia ilivyojengwa juu ya watu wachache: hesabu waliyoinukuu ilisema asilimia 96 ya washiriki walitoka nchi za Magharibi zilizoendelea kiviwanda, zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Chukua mwanasaikolojia Mary Ainsworth. Mwaka 1954 na 1955 alikuwa Uganda, akitembelea familia 26 nyumbani kwao kwa miezi, akiwatazama mama na watoto na kuzungumza nao. Baadaye, akiwa Baltimore, ndipo ukaja utaratibu mashuhuri wa kupima jinsi mtoto alivyoshikamana na mama: chumba, mgeni na mama anayetoka kwa dakika chache. Wanafunzi wetu huazima kile chumba na kuzisahau zile ziara za nyumbani. Mtoto wa Ujiji anayelelewa na mama, bibi, shangazi na jirani wa upande wa pili hataliona tukio la mama kutoka kama mtoto wa Baltimore alivyoliona. Ukimwita "mkwepaji", yaani asiyeshikamana vizuri na mama, kwa sababu hakulia, umepima ukubwa wa familia yake.

Mahojiano ya kina na majadiliano ya vikundi yanasaidia hapo, nami nayapenda. Lakini mwenyekiti wa kitongoji akikaa "kusikiliza kidogo tu", funga daftari, kunywa maji, panga siku nyingine. Mkwe na mama mkwe wasiwe kundi moja. Posho iwe ndogo, sawa kwa wote, na itajwe baada ya ridhaa. Tena eleza mara mbili kwamba huandikishi kaya za msaada, la sivyo kila nyumba itakuonyesha shida zake tu.

Vibali navyo anza mapema, kuanzia barua ya chuo, mkoani, wilayani, kata hadi kijiji. Ukishamaliza kujitambulisha kwa mtendaji, mwombe kwa heshima asikusindikize.

Mwisho, sehemu ya mipaka ya utafiti. Sitaki kusoma tena "muda na fedha havikutosha". Kila mtafiti duniani anaweza kuandika hivyo na msomaji hapati kitu. Andika kilichotokea na kimeyasukuma matokeo upande gani, kwa mfano: "Mahojiano yalifanyika asubuhi katika siku za giza la mwezi, hivyo wavuvi wa usiku ni wachache katika sampuli. Iwapo waliobaki nchi kavu walibaki kwa ugonjwa au kwa kukosa mafuta, kiwango cha msongo kilichoripotiwa hapa huenda kimezidi kile cha wavuvi wote wa Katonga." Msimamizi akikuuliza mbona umejichongea, mwambie umetumwa na dada yako.