Tuulize: Pimbi wa Saanane na akili mnemba

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Nyamagana, mwezi ujao tunawapeleka watoto kwenye hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, hapa Mwanza. Siku hizi wananiuliza sana kuhusu akili mnemba (AI), mmoja kashikilia kabisa kuwa ni jini linakaa kwenye simu. Shule haina kompyuta. Naweza kuwatumia wale wanyama kuwaelewesha au ntawachanganya?

JIBU: Marahaba mwalimu, watumie tena bila wasiwasi. Saanane ilianza 1964 kama bustani ya wanyama, hifadhi ya taifa imekuja baadaye, kwa hiyo kufundishia watu ndo kazi yake tangu zamani.

Anza na pimbi maana kwenye yale mawe wamejaa. Kabla hamjapanda boti chagua mtoto mmoja awe mashine, yaani hiyo akili mnemba, mpe picha kumi za pimbi, zote wapo juu ya jiwe, afu mwambie ataje vitu anavyoviona kwenye kila picha, atasema manyoya ya kahawia, masikio madogo, jiwe. Hivyo vitatu ndo sheria yake, haruhusiwi kuongeza. Sasa mkifika, mkamkuta pimbi anakula majani chini kwenye nyasi, mashine itabidi iseme huyu sio, na wenzake watapiga kelele ni pimbi huyo! Hapo hapo wasimamishe uwaeleze, mashine inashika kinachojirudia, haijui kama jiwe sio sehemu ya mnyama.

Na hili lipo kweli. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Caltech kule Marekani walionesha programu inayomtambua ng'ombe vizuri akiwa kwenye majani inamkosa akiwa ufukweni, yaani ng'ombe wetu wakishuka ziwani kunywa maji jioni ingeshangaa, wakati mtoto wa hapa anaona kila siku.

Afu wape na upande mzuri, tena wa jirani. Kule Serengeti zilifungwa kamera 225, zikapiga mamilioni ya picha, watu wa kujitolea wakakaa kwenye intaneti wakitaja mnyama mmoja mmoja, na kompyuta ikafundishwa kwa picha milioni 3.2 zilizotajwa hivyo mpaka ikaweza kutofautisha spishi 48. Hapo sisitiza mwalimu, walioanza kutaja ni watu.

Na huyo wa jini ndo umpe kazi ya kuwa mashine.