Maswali ya Wasomaji: Kujitengenezea Njia ya Hewa Baridi kwa Lori la Dizeli

SWALI: Ndugu Mhariri, nina lori la dizeli lenye injini ya lita 6 na turbo, ile pampu inayosukuma hewa ndani ya injini. Linapopanda mlima likiwa na mzigo hutoa moshi mweusi na kupungua nguvu. Nimewaona madereva wenzangu wakiondoa boksi la eyaklina la kiwandani na kufunga filta ya duara iliyo wazi kwenye bomba fupi, nao wanasema magari yao yamekuwa mepesi. Ninayo mashine ya kuchomelea na nimezoea kazi za mikono. Je, naweza kujitengenezea mfumo huo wa hewa baridi, na nitumie bomba la namna gani?

JIBU: Ndugu msomaji, kazi hiyo unaiweza, lakini ulichokiona kwa wenzako si hewa baridi. Filta iliyoachwa wazi chini ya boneti huvuta hewa iliyokwisha kupita kwenye rejeta na kuzunguka egzosi, nayo huwa moto kuliko ile iliyokuwa ikiingia kupitia boksi la kiwandani. Hewa ya nyuzi 60 za Selsiasi ni nyepesi kwa takriban asilimia 12 kuliko hewa ya nyuzi 20 iliyo katika ujazo ule ule, kwa hiyo turbo hulazimika kufanya kazi zaidi ili kuisukuma oksijeni ile ile ndani ya silinda, na hewa inayotoka humo huwa imepashwa moto zaidi kabla ya kufika kwenye intakula, yaani kipoza hewa kilicho kati ya turbo na injini. Kinachowadanganya madereva wengi ni mlio wa turbo, ambao boksi lilikuwa likiuzuia na sasa unasikika hadi kebini.

Ni vyema pia ujue mapema utapata nini. Nguvu ya injini ya dizeli hutawaliwa na kiasi cha mafuta yanayopulizwa na nozeli, na kwa kawaida hewa huingia kwa wingi kuliko inavyohitajika kuyaunguza. Ukiongeza hewa bila kuongeza mafuta, usitarajie nguvu nyingi mpya. Faida yake huonekana pale hewa ilipokuwa haitoshi, yaani mlimani chini ya mzigo, ambapo moshi hupungua na joto la egzosi hushuka. Hilo si jambo dogo, kwa sababu joto la egzosi likizidi huharibu turbo na pistoni. Hata hivyo moshi mweusi unaweza kuletwa na filta iliyoziba, mpira uliopasuka kati ya turbo na injini, au nozeli zilizochakaa, na hakuna bomba jipya litakaloponya maradhi hayo.

Kwa hiyo pima kwanza, kata bomba baadaye. Weka kipimajoto chenye waya ndani ya njia ya hewa karibu na turbo, kisha soma joto lori likiwa katika mwendo wa kawaida, kwa kuwa gari lililosimama huonyesha joto kubwa lisilo na maana. Likizidi joto la hewa ya nje kwa nyuzi chini ya 10, boksi la kiwandani linafanya kazi yake vizuri nami nakushauri usiliguse. Kisha pima mvuto, yaani nguvu ambayo turbo hutumia kunyonya hewa kupitia filta. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukunje kwa umbo la U lenye mikono ya mita 1 kila mmoja, utie maji hadi katikati ya kimo chake, na uunganishe ncha moja na tundu dogo lililo kati ya filta na turbo, ncha nyingine ikiachwa wazi. Upitishe mpira huo hadi kebini ili msaidizi aliyeketi kando ya dereva asome tofauti ya kimo cha maji wakati lori likipanda mlima kwa nguvu zote. Kila sentimita 10 ni sawa na kilopaskali 1. Kwa injini nyingi kubwa za dizeli zenye turbo, mpaka wa juu huwa karibu na sentimita 60, ingawa mwongozo wa injini yako ndio wenye neno la mwisho. Ukikaribia hapo, badilisha filta na upime tena. Huenda safari yako ikaishia hapo.

Ikiwa vipimo bado vinaonyesha joto au mvuto mkubwa, basi jenga, na uanze na mahali pa mdomo. Mdomo wa hewa unapaswa kuwa nje ya chumba cha injini na juu: pembeni mwa kebini, au juu ya madigadi mbele ya ukuta wa boneti. Usiuteremshe nyuma ya bampa ati kwa sababu huko kuna upepo mwingi. Maji hayakandamizwi. Yakiingia kwenye silinda ya dizeli, ambayo huikandamiza hewa mara 16 au zaidi, konrodi, yaani fimbo inayoshika pistoni, hupinda papo hapo, na dimbwi moja tu latosha. Uelekeze mdomo chini au nyuma, uufunike kwa wavu, na kwenye sehemu ya chini kabisa ya boksi la filta weka tundu lenye valvu ya mpira ili maji ya mvua na mchanga vitoke.

Boksi lenyewe litengeneze kwa bati la alumini, likizunguka filta pande zote, na ukingo wa mfuniko uwe na mpira wa kuziba. Bila boksi lililozibwa, kazi yote ya kuleta hewa ya nje inapotea. Tumia filta ya karatasi ya malori, kubwa kuliko unayodhani inahitajika, kwa kuwa eneo kubwa hupunguza mvuto na kurefusha muda wa kuibadilisha.

Kuhusu upana wa bomba, injini ya lita 6 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, huku turbo ikikaribia kuongeza msongamano wa hewa maradufu, humeza takriban mita 12 za ujazo kwa dakika. Katika bomba la milimita 100 hewa hiyo hukimbia mita 25 kwa sekunde; katika bomba la milimita 75 hukimbia mita 45, na upinzani huongezeka zaidi ya mara tatu. Chagua milimita 100, na kona ziwe za mviringo mpana. Alumini ya unene wa milimita 1.5 hadi 2 inafaa sana. Mabomba ya plastiki ya maji hulainika yakifikia nyuzi 80 hivi na yanaweza kunywea kwa mvuto, na chuma kisichopakwa rangi ndani huota kutu inayomeguka. Magurudumu ya turbo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kipande kidogo cha kutu au cha ulehemu kikigonga mapezi yake huyaharibu. Piga msasa ndani ya kila mshono na uoshe bomba kabla ya kulifunga.

Maungio yaliyo baada ya filta ndiyo yanayonitia wasiwasi zaidi kuliko mengine yote. Vumbi linalopenya hapo halina kizuizi mbele yake, nalo hukwangua silinda na ringi polepole hadi injini ianze kula oili. Ncha za bomba ziwe na mwinuko wa kushika mpira, klampu ziwe pana za boliti, na ule mpira unaoleta mvuke wa oili kutoka kwenye injini urudishwe mahali pake kwa kiungo kigumu.

SWALI: Ndugu Mhariri, kwenye pikapu yangu ya dizeli nilifunga bomba pana na filta ya pamba inayopakwa oili. Sasa taa ya injini inawaka na gari linasitasita. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, gari lako huenda lina sensa inayopima uzito wa hewa. Kompyuta huitafsiri ishara yake kwa kudhani kuwa bomba lina upana ule ule wa kiwandani. Ukilipanua, hewa inayopita kwenye sensa inapungua kasi na hesabu ya mafuta inakosea. Rudisha bomba la upana wa awali mahali sensa ilipo, likiwa na kipande kilichonyooka mbele yake, na uhakikishe mshale wa sensa unaelekea kwenye injini. Oili iliyozidi kwenye filta nayo hugandamana na waya wa sensa. Uusafishe kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, bila kuugusa kwa kidole wala kitambaa, uuache ukauke kabisa, kisha urudishe filta ya karatasi kabla ya kufuta taa ya injini.